Kutoka Waziri Mkuu hadi Rais: maswali yenu kuhusu Desemba 1962

Mwezi uliopita nilichomekea sentensi moja tu hapa kwenye safu, kwamba Tanganyika ndani ya mwaka mmoja ilipata mawaziri wakuu wawili na Rais mmoja, afu nikaendelea na mambo yangu. Wee! Meseji zimeingia mpaka simu ikawa nzito. Wengine wananishukuru, wengine wananiita muongo, mmoja kaniambia nikapimwe. Basi mwezi huu ya mirathi na ya viwanja yasubiri, najibu haya tu. Nimefupisha maswali na majina yenu nimeyaacha kama mlivyoomba.

Shikamoo mhariri. Nasoma kidato cha sita Morogoro. Ticha wa historia katuambia Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu muda mfupi tu baada ya uhuru ila hakutuambia kwanini. Alisukumwa au alitoka mwenyewe?

Marahaba mwanangu. Tuanze na hesabu. Uhuru ni 9 Desemba 1961, kujiuzulu ni 22 Januari 1962, yani siku 44. Watu walikuwa hata hawajamaliza kushangilia. Akamwachia kiti Rashidi Mfaume Kawawa, kijana wa vyama vya wafanyakazi, yeye akabaki na urais wa TANU bila cheo chochote serikalini.

Alisukumwa? Hapa watu wamebishana miaka 60 na ushee. Yeye mwenyewe alisema anatoka ili akakijenge chama, kwasababu TANU ilikuwa imeundwa kupigania uhuru na uhuru umeshapatikana, sasa matawi yanakaa tu yanasubiri kuambiwa cha kufanya, na viongozi wazuri wote wamehamia maofisini Dar. Mimi naona hiyo ni kweli ila sio yote. Ndani ya chama kulikuwa na joto. Oktoba 1961, kabla hata ya uhuru, Bungeni waligombana vibaya kuhusu muswada wa uraia, wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Mwafrika tu, Nyerere akawawakia na kusema wakiupinga serikali itajiuzulu. Akashinda siku ile lakini kinyongo kikabaki. Watu walikuwa wanauliza mbona maafisa ni walewale Wazungu, mbona waziri wa fedha bado ni Sir Ernest Vasey. Na ukiangalia vizuri, kwenye baraza la Kawawa Vasey hayupo, fedha kapewa Paul Bomani. Kwahiyo ukisema alitoka mwenyewe uko sahihi, ukisema alitoka huku anaona mvua inakuja pia uko sahihi.

Sasa alienda wapi. Alizunguka mikoani, wilaya kwa wilaya, anaongea na watu wa matawi. Aprili 1962 akatoa kijitabu chake kuhusu ujamaa. Na huku nyuma Kawawa anafanya kazi chafu, nisamehewe kwa neno hilo. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipita 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu. Sheria iliyofanya migomo iwe karibu haiwezekani ilipita 1962, na aliyeisimamia ni huyohuyo Kawawa aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi. Na katiba ya jamhuri nayo iliandaliwa na kupitishwa wakati wake. Mwalimu aliporudi Desemba alikuta nyumba imeshajengwa, funguo tu.

Kwenye mtihani usiandike "kazi chafu", watakukata maksi.

Mhariri, babu yangu Tanga ana noti ya shilingi ina picha ya Malkia, anasema aliitumia baada ya uhuru. Mimi nabisha. Uhuru gani huo wa kutumia pesa ya Malkia?

Usimbishie babu. Hiyo ni pesa ya bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki, ilikuwa moja kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, na noti zenye sura ya Malkia ziliendelea kutumika baada ya uhuru. Noti mpya zisizo na kichwa chake, zile zenye picha ya jahazi ziwani, zilikuja 1964. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966 ndio tukaanza kuwa na shilingi yetu wenyewe.

Ila swali lako lina swali jingine ndani yake na hilo ndio tamu. Tanganyika ya Desemba 1961 haikuwa jamhuri. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth, sio Malkia wa Uingereza anayetutawala, hapana, kisheria alikuwa Malkia wa Tanganyika. Na kwakuwa yeye yuko London, aliwakilishwa na Gavana Jenerali, ambaye ni nani? Sir Richard Turnbull, yuleyule aliyekuwa Gavana wa kikoloni tangu 1958. Nyumba ileile, mtu yuleyule, kaongezewa neno moja kwenye cheo. Yeye hakuwa na nguvu ya kweli, alisaini alichoambiwa na Waziri Mkuu, lakini hebu jiweke kwenye viatu vya mkulima wa Kilosa umueleze kwamba yule bwana mwenye kofia ya manyoya hatawali tena ila bado anakaa palepale na bado tunasimama kwa heshima akipita.

Mzee wangu alikuwa karani kwenye boma moja mkoa wa Morogoro. Alikuwa anatusimulia kwamba asubuhi ya uhuru walifika ofisini wakakuta picha ya Malkia ipo palepale ukutani juu ya kabati la mafaili, na bosi akasema iacheni bado ni yetu. Ikakaa mwaka mzima. Desemba 1962 ndio ikashushwa, na pale ilipokuwa ukutani pakabaki pameacha alama, chokaa nyeupe ya mraba katikati ya ukuta uliofifia kwa vumbi, na msumari. Picha ya Rais ilipoletwa ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, kwahiyo ule mraba ukawa unaonekana pembeni mpaka boma lilipopakwa rangi. Mzee alikuwa anacheka sana akifika hapo.

Nieleze kwa lugha nyepesi, kabla Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, baadae akawa Rais. Si mkubwa ni yuleyule tu? Kilibadilika nini zaidi ya jina? (Msomaji, Dodoma)

Hapa nakaa kidogo, kaa na wewe.

Waziri Mkuu wa mfumo wa Kiingereza ni mbunge. Yuko pale kwasababu wabunge wenzake wengi wanamtaka. Siku wakimchoka wanapiga kura, anaondoka, na nchi haitikisiki kwasababu mkuu wa nchi ni mtu mwingine. Maamuzi makubwa anayafanya na baraza lake, yeye ni wa kwanza kati ya wenzake. Sio kwamba hana nguvu, ana nguvu sana, lakini nguvu zake anazikopa Bungeni kila siku na wanaweza kuzidai.

Katiba ya jamhuri ya 1962 iliunganisha vyote. Rais akawa mkuu wa nchi, mkuu wa serikali, amiri jeshi mkuu, na sehemu ya Bunge pia maana muswada hauwi sheria bila yeye. Sio mbunge tena, anachaguliwa kivyake, mawaziri anawateua yeye kutoka Bungeni, na Bunge anaweza kulivunja. Uwaziri mkuu ukafutwa, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Lakini yote hayo unayakuta kwenye nchi nyingi. Kitu ambacho mimi kila nikikisoma nasimama ni kifungu kimoja kifupi kilichosema kwamba, isipokuwa sheria imesema vingine, Rais akifanya kazi zake atatumia hiari yake mwenyewe na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote.

Soma tena taratibu. Baraza la mawaziri lipo, linakaa, linashauri. Rais anasikiliza, anashukuru, afu anafanya anachotaka, na hakuna aliyevunja katiba. Kesho yake ukilalamika unaambiwa ulishirikishwa.

Sasa serikali ilitoa sababu gani? Mei 1962 walitoa waraka wa mapendekezo, na mle ndani hoja kubwa ilikuwa kwamba mambo ya mkuu wa nchi wa mapambo na mkuu wa serikali mwenye kazi ni ya Kizungu. Kwetu heshima ya chifu haitenganishwi na nguvu yake, mtu hamheshimu mtawala asiyetawala. Na walisema katiba ya uhuru ilikuwa ni amri iliyotoka London, sio sisi tuliojitungia. Hiyo ya pili siwezi kuwapinga hata kidogo, ni kweli tupu, katiba yetu ya kwanza ilikuwa kiambatisho cha amri ya Malkia. Ya kwanza nayo ina ukweli wake ila ina ujanja. Chifu wa zamani alikuwa na wazee wanaomkalisha chini, sehemu nyingine walikuwa wanaweza hata kumuondoa. Waliochukua hiyo hoja walichukua kiti cha chifu wakawaacha wazee nje ya mlango.

Na nani aliipitisha? Bunge lilijigeuza kuwa Bunge la katiba, Novemba 1962, likapitisha. Bunge lenyewe lilitokana na uchaguzi wa Agosti 1960, viti 71, TANU ilikuwa na 70, na yule mmoja aliyebaki, wa Mbulu, naye alikuwa mwana TANU aliyegombea kivyake, kwahiyo piga hesabu mwenyewe upinzani ulikuwa na watu wangapi. Na kati ya hao 71, 58 walipita bila kupingwa. Kura ya maoni ya wananchi haikuwepo. Ghana waliotutangulia 1960 walau waliwauliza watu kama wanaitaka ile katiba ya jamhuri, sisi hata hilo hatukufanya. Unaambiwa wananchi walikubali kwasababu walimchagua Rais, lakini kumchagua dereva sio kuikagua gari.

Haki za binadamu? Hazikuwekwa. Walikataa 1961, wakakataa 1962, wakakataa tena 1965, hoja ikiwa majaji wakati ule ni Wazungu watazitumia kuikwamisha serikali changa. Zikaingia kwenye katiba 1984 na mahakamani zikaanza kutumika 1988. Fanya hesabu, mtoto aliyezaliwa siku ya uhuru alikuwa na miaka 26 ndio anapata haki ya kwenda mahakamani kudai haki yake.

Nasikia kulikuwa na mtu aligombea na Nyerere. Kweli au stori za vijiweni?

Kweli kabisa. Zuberi Mtemvu. Na inauma kwamba watu wanamjua kama mzaha.

Mtemvu alikuwa mtu wa TANU wa mwanzo kabisa, katibu mwenezi aliyekuwa anazunguka kufungua matawi. Januari 1958 Tabora, TANU ilikaa kuamua kama washiriki kwenye uchaguzi wa kura tatu, ule mpango wa Waingereza ambapo kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Muasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake haihesabiwi. Nyerere akasema tuingie tutawabana humohumo ndani. Mtemvu akasema haiwezekani, huko ni kuikubali dharau, akatoka akaanzisha African National Congress, Afrika kwa Waafrika basi. Kisiasa Nyerere ndio alikuwa sahihi maana TANU iliingia ikazoa kila kitu. Lakini kuna siku najiuliza kama aliyekataa kura tatu alistahili kuchekwa namna ile.

Tarehe 1 Novemba 1962 walipambana wawili. Nyerere akapata kura zaidi ya milioni 1.1, Mtemvu akapata elfu 21 na ushee. Asilimia 98 kwa karibu mbili. Wengine mtaniambia ziliibwa, mimi siamini, Nyerere wa 1962 hakuhitaji kuiba kura, ukimuweka popote alikuwa anashinda. Kilichonishika ni kwamba ile ilikuwa mara ya mwisho Mtanzania wa bara kuona majina mawili ya wagombea urais, mpaka 1995. 1965 tukaenda kwenye chama kimoja, Rais ni ndiyo au hapana, wabunge ndio wanashindanishwa wawiliwawili wa chama kilekile, mmoja jembe mwingine nyumba. Na hapo msidharau, yule Paul Bomani niliyemtaja juu alikuwa waziri mzima wa fedha akaangushwa 1965 na wapiga kura wake. Kwa wabunge moto uliwaka, kwa Rais hakuna wa kushindana naye.

Mtemvu baadae alirudi TANU. Kulikuwa na mwingine pia, Christopher Kasanga Tumbo, wa chama cha wafanyakazi wa reli, walimpeleka London kuwa balozi akaacha ubalozi akarudi kuanzisha chama chake. Yeye akaishia kizuizini. Sheria ya 1962 hiyo, unaona ilivyofanya kazi mapema.

Kwanini Ikulu inaitwa Ikulu? (ameuliza binti wa darasa la saba kupitia simu ya mama yake)

Swali zuri kuliko ya watu wazima. Ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma, ikulu ni makazi ya mtemi. Ilikuwa nyumba ya Gavana, tulipopata Rais wetu tukaipa jina la kwetu. Kuna kichekesho hapo mwanangu ambacho utakielewa ukikua, mwanzo wa 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu nchi nzima, halafu nyumba ya Rais ikabaki na jina la nyumba ya chifu. Na Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, Burito wa Wazanaki.

Salaam kutoka Mombasa. Bwana mhariri, nyinyi Watanzania mnapenda kujiona wa kipekee. Kwetu mambo si yalikuwa hayohayo? Jamhuri Dei ni kila mwaka.

Walaikum salaam ndugu yangu, umenishika pabaya. Ni hayohayo na pengine zaidi. Kenya uhuru 12 Desemba 1963, jamhuri 12 Desemba 1964, sisi 9 Desemba 1961 na 9 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili kila mtu. Gavana Jenerali wenu alikuwa Malcolm MacDonald. Tofauti ni mbili.

Ya kwanza, nyinyi mlikuwa na kitu cha kuvunja. Katiba yenu ya uhuru ilikuwa ya majimbo, mabunge ya mikoa saba, seneti, chama cha KADU cha Ronald Ngala wameipigania London mpaka jasho linawatoka, na watu wa Pwani mnajua vizuri kuliko mimi kwanini waliitaka. KANU, chama cha Kenyatta, walipotaka jamhuri ya Rais mwenye nguvu ilibidi hayo yote yaondoke. KADU ikajivunja yenyewe Novemba 1964, wabunge wake wakavuka upande wa pili, mwezi mmoja baadae jamhuri ikapita. Sisi hatukuwa na KADU, kwetu hapakuwa na cha kuvunja, ndio maana ilipita kimyakimya na ndio maana tunajisifu tulipita kwa amani.

Ya pili, Kenyatta hakupigiwa kura ya urais. Alikuwa Waziri Mkuu, katiba ikasema Waziri Mkuu aliyepo ndiye Rais wa kwanza, akaamka tarehe 12 akiwa Rais, Jaramogi Oginga Odinga makamu. Nyerere walau alisimama na Mtemvu. Hilo nipe.

Ila kama ni vitimbi tuwaache majirani zetu Uganda wachukue kombe. Kule Obote alikuwa Waziri Mkuu na Rais wa heshima alikuwa Kabaka Mutesa. Februari 1966 Obote anakamata mawaziri watano kwenye kikao cha baraza la mawaziri, anasimamisha katiba. Aprili anawapitishia wabunge katiba mpya inayomfanya yeye Rais mwenye madaraka, na wabunge wanaambiwa nakala zao watazikuta kwenye vile visanduku vyao vya barua. Wamepiga kura kwanza kusoma baadae. Mpaka leo Waganda wanaiita katiba ya visanduku. Mwezi Mei jeshi likaingia ikulu ya Kabaka pale Mengo, Mutesa akaruka ukuta akakimbilia Uingereza na akafia hukohuko. Ukilinganisha na hayo, Bunge letu la watu 71 linaonekana kama kikao cha harusi.

Nyinyi Wakenya mlipata bahati moja ambayo sisi bado, mlirudi mezani. Katiba ya 2010 mliipigia kura wenyewe, Rais hawezi tena kuokota mawaziri Bungeni, na kila jambo lina mahali pa kupingia. Sisemi mmefika. Nasema mlifungua injini mkaangalia.

Mhariri acha kumchafua Baba wa Taifa. Ungekuwa na adabu ungejua bila Rais mwenye nguvu hii nchi yenye makabila zaidi ya mia ingekuwa vipande. Nyinyi watoto wa juzi mnaandika tu. (Mstaafu, Mwanza)

Shikamoo mzee. Kwanza mtoto wa juzi asante, mke wangu amefurahi.

Sijamchafua, na nikisema hivi sijitetei. Mimi ni mmoja wa wale wanaoamini kwamba Mwalimu ndiye kiongozi bora tuliyepata. Aliondoka 1985 kwa hiari akamwachia Mwinyi, na mwaka mmoja kabla katiba ilibadilishwa Rais asizidi vipindi viwili vya miaka mitano mitano, jambo ambalo wenzake wengi wa rika lake hata kulisikia hawakutaka. Hakuacha mali. Hayo nayaandika kwa mkono huuhuu.

Hoja yako ya makabila naielewa pia. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar, waliasi, ndani ya wiki serikali ilikuwa haijulikani iko wapi, ikabidi tuwaombe Waingereza warudi kuwanyang'anya silaha. Nchi ilikuwa changa kweli, haikuwa maneno. Aprili ileile tukaungana na Zanzibar, Rais mmoja, makamu wawili, Karume wa kwanza na Kawawa wa pili. Haraka haraka namna ile inahitaji mtu mmoja anayeamua, sibishi.

Lakini mzee, hapa ndio ninapokwama. Mwalimu mwenyewe aliwahi kukiri mbele ya waandishi kwamba katiba inampa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Alikuwa anajua. Alichokuwa anatuambia ni kwamba tumuamini yeye hatayatumia vibaya, na kwa sehemu kubwa hakuyatumia, japo waliokaa kizuizini miaka bila kesi wana maneno yao na familia zao mpaka leo zina maneno. Sasa ile suti ilishonwa kwa vipimo vya mtu mmoja mwembamba asiyependa kula. Haikushonwa upya alipoondoka. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya vyama vingi, ilipopita 1991 ilitaja sheria 40 mbovu za kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kizuizini imo. Tume ya Jaji Warioba nayo ikaandika rasimu ya katiba mpya, Bunge Maalum 2014 likaja na yake, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, ndio hivyo.

Wewe umekaa na Rais mwema, unatetea kiti kwasababu unamkumbuka aliyekikalia. Mimi nakiangalia kiti chenyewe. Tukikutana Mwanza nitakununulia sato tuendelee.

Sasa Waziri Mkuu wa leo ni wa nini kama cheo kilifutwa 1962? (Msomaji, Iringa)

Kilirudi 1972, na aliyepewa ni huyohuyo Kawawa, yani mtu mmoja alikuwa Waziri Mkuu wa mfumo wa zamani na wa mfumo mpya. Ila sio cheo kilekile. Yule wa Januari 1962 alikuwa ndiye mwenye serikali. Wa leo anateuliwa na Rais, Bunge linamthibitisha, anasimamia shughuli za kila siku na ndiye kiongozi wa serikali Bungeni. Tangu 1992 Bunge linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani naye, kwahiyo akiharibu wa kuondoka ni yeye, mwenye nyumba anabaki. Mlimuona Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008, alijiuzulu, Rais akabaki.

Nioneshe hicho kifungu cha "hatalazimika kufuata ushauri" kwa macho yangu. Nadhani umetunga. (Msomaji, Ilala)

Sijatunga. Cha 1962 kilikuwa kwa Kiingereza, ila mtoto wake yupo hai. Chukua Katiba ya 1977, ipo kwa Kiswahili, fungua Ibara ya 37, kijifungu cha kwanza. Inasema Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale katiba yenyewe au sheria inapomtaka afanye kwa ushauri. Ukishamaliza hapo geuza mpaka 41 kijifungu cha saba, kinachosema akishatangazwa hakuna mahakama ya kuuliza. Afu nitumie meseji.

Kwahiyo tarehe 9 Desemba tunasherehekea uhuru au jamhuri? (wengi mmeuliza, wa mwisho ni kaka wa Mbagala aliyebet na mwenzake)

Vyote viwili vimeangukia siku moja na hawakukosea, waliipanga. Serikali inaiita Siku ya Uhuru, na ukiangalia mabango ya miaka ya nyuma unakuta yameandikwa Uhuru na Jamhuri. Kwahiyo wote wawili mmeshinda, kila mtu abaki na hela yake.

Mliouliza kuhusu Muungano na ile serikali ya tatu, nimeziona, ni nyingi na zina hasira. Mwezi ujao.